Mstari Mmoja ni Nini? Uzoefu Wangu wa Kupanga Data za Mauzo Dar es Salaam

Kabla sijafungua kompyuta huwa nauliza swali moja: kwenye jedwali hili, mstari mmoja ni nini? Ni ankara nzima? Ni bidhaa moja ndani ya ankara? Ni safari ya gari, au ni siku moja ya duka moja? Nimefanya kazi ya ripoti za biashara hapa Dar es Salaam kwa miaka sasa, zaidi kwa wasambazaji wa bidhaa za dukani, watu wanaotoa mzigo kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere na kuufikisha Tandika, Manzese, Mbagala, Tegeta mpaka ng'ambo Kigamboni. Ripoti mbovu nilizokutana nazo, karibu zote, ukizifukua unakuta hakuna mtu aliyewahi kulijibu swali hilo kwa sentensi moja iliyonyooka.

Watu wakisikia Power BI, programu ya Microsoft ya kutengenezea ripoti, wanafikiria rangi, ramani na vibonyezo. Mkurugenzi anaona dashibodi, yaani ukurasa wa namba na grafu, kwenye simu ya mwenzake, kesho yake anataka na yeye awe nayo kabla ya kikao cha Jumatatu. Namwelewa kabisa. Lakini kinachoamua kama namba iliyo juu ya skrini ni ya kweli hakipo kwenye skrini. Kipo nyuma, kwenye namna majedwali yalivyogawanywa na yanavyoshikana, na hiyo ndiyo tunayoiita modeli ya data. Modeli ikikaa sawa, fomula zinakuwa fupi na swali jipya linajibika bila kuvunja chochote. Ikikaa vibaya, fomula inajaza ukurasa, na bado mama wa uhasibu anakuja na kikokotoo chake kukuonyesha kwamba hailingani na vitabu.

Kampuni niliyoitumikia muda mrefu zaidi ilikuwa inauza sabuni, mafuta ya kupikia, unga na biskuti. Nilipoingia nilikuta jedwali moja refu na pana ajabu. Humo mlikuwa na tarehe, namba ya ankara, jina la mteja, simu yake, mtaa, wilaya, mtu wa mauzo, bidhaa, kundi la bidhaa, idadi, bei, punguzo, nauli ya gari na hata lengo la mwezi. Lilianzia Excel, na karatasi moja ya Excel inaishia mistari 1,048,576. Biashara ilipokua, wakagawa faili kwa miaka, kisha wakayaingiza yote Power BI kwa umbo lilelile.

Umbo kama hilo halikuumizi siku ya kwanza. Linakuumiza siku mtu anapouliza nauli. Chukua ankara yenye bidhaa nne, na gari limelipwa shilingi 20,000 kupeleka mzigo wote. Kwenye jedwali pana, ile 20,000 inaandikwa kwenye kila mstari wa ankara, mara nne. Ukijumlisha kolamu unapata 80,000. Ofisi ya fedha ilikuwa inatazama gharama za usafirishaji ambazo hazikuwahi kutokea, na madereva walikuwa wameshaanza kuitwa mmoja mmoja kujieleza. Jambo hili lilinigusa sana, na bado linanigusa. Dereva hajui jedwali ni nini. Anajua alipewa pesa ya mafuta na akapeleka mzigo, halafu anaambiwa ametumia mara nne ya alichotumia.

Tatizo halikuwa fomula. Nauli ni tukio la safari, na lilikuwa limebandikwa kwenye tukio la bidhaa. Hakuna fomula ya ujanja itakayolitibu hilo kwa usalama, ingawa nimewaona vijana hodari wakijaribu kugawanya kwa idadi ya mistari, kuchukua thamani ya juu, kuchukua wastani. Kila moja inafanya kazi mpaka siku mtu anapochuja kwa bidhaa.

Kwa hiyo nikaenda stoo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo inayorukwa zaidi, maana ofisi ina kiyoyozi na stoo haina. Stoo kipa wetu alikuwa mtu mzima, na daftari lake hakuliachia mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa kuhesabu?"

"Hapana mzee. Nataka unieleze mzigo unavyotoka hapa mpaka pesa inavyorudi."

Alicheka kidogo, akavuta kreti nikakaa. Akanieleza. Oda inaingia kwa simu au WhatsApp. Ankara inachapwa. Mzigo unapakiwa kwenye kirikuu ikiwa ni wa karibu, au kwenye Fuso ikiwa ni wa njia nzima, na gari moja linabeba ankara za wateja wengi. Dereva anaondoka na dilivari noti. Mteja anapokea, mara nyingine anarudisha katoni mbili zilizolowa. Pesa inakuja kwa mafungu: nusu leo mkononi, nusu wiki ijayo kwa simu au benki. Nilipokuwa namsikiliza niliandika kila kitenzi alichokitaja, kwa sababu kila kitenzi ni tukio, na kila tukio lina tarehe yake na ukubwa wake.

Tuliporudi ofisini tukaandika sentensi, moja kwa kila tukio, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Mauzo: mstari mmoja ni bidhaa moja, kwa kipimo kimoja, ndani ya ankara moja. Usafirishaji: mstari mmoja ni safari moja ya gari moja. Malipo: mstari mmoja ni fedha iliyoingia mara moja kutoka kwa mteja mmoja. Marejesho: mstari mmoja ni bidhaa moja iliyorudi kwa ankara moja. Hesabu ya stoo: mstari mmoja ni bidhaa moja, ghala moja, jioni moja. Kila sentensi ikawa jedwali lake. Nauli ikahamia kwenye safari, na kila shilingi ikahesabiwa mara moja tu. Ofisi ya fedha walipotaka kujua nauli kwa kila mteja, tuliwarudishia swali: mnataka tugawanye kwa uzito, kwa umbali au kwa thamani ya mzigo? Huo ni uamuzi wa biashara, na mtengeneza ripoti hapaswi kuufanya peke yake gizani. Walichagua uzito, tukauandika, na ugawaji ukafanyika wakati wa kupakia data, si ndani ya fomula.

Kuzunguka matukio hayo tukaweka majedwali ya maelezo: mteja, bidhaa, mtu wa mauzo, ghala, kalenda. Haya hayana matukio. Yanaeleza nani, nini, wapi na lini. Ukichora, jedwali la tukio linakaa katikati na ya maelezo yanalizunguka, ndiyo maana umbo hili linaitwa nyota. Ralph Kimball, Mmarekani, ndiye aliyelieneza kupitia kitabu chake cha mwaka 1996, na miongoni mwa anayoyasisitiza sana ni kutangaza ukubwa wa mstari, yaani kusema mstari mmoja ni nini, kabla ya kuchagua kolamu. Tuna bahati ya kufanya kazi juu ya fikra iliyokwisha kupimwa kwenye biashara za kila aina. Duka la jumla la Kariakoo na duka kubwa la Marekani vyote vina mtu aliyenunua kitu siku fulani.

Vijana wanaotoka vyuoni kwetu wamefundishwa vizuri kugawa majedwali ili kitu kisiandikwe mara mbili, njia iliyotokana na kazi ya Edgar Codd wa IBM ya mwaka 1970. Ni elimu sahihi kwa mfumo wa kuuzia, ambao kazi yake ni kuandika haraka bila kujikanganya. Wakija kwenye ripoti wanaendelea kugawa: bidhaa jedwali moja, chapa jedwali lingine, kundi lingine, kundi la kundi lingine tena. Mtumiaji anafungua orodha anakuta majedwali manne kwa ajili ya sabuni. Ninachowaambia ni kwamba ripoti imejengwa kusomwa. Acha neno "Sabuni" lijirudie kwenye mistari yote ya jedwali la bidhaa, halina madhara yoyote. Power BI huhifadhi data kwa kolamu na si kwa mistari, na neno linalojirudia hulitunza mara moja kwenye kamusi yake ya ndani na kuweka namba ndogo mahali pengine pote.

Kinachoila kumbukumbu ya kompyuta ni kolamu ambayo kila mstari una kitu tofauti. Mfano mkubwa ni tarehe na saa vilivyoshikamanishwa hadi sekunde. Mwaka mmoja una sekunde 31,536,000, na kila moja inaweza kuwa thamani mpya. Ukitenganisha tarehe na saa katika kolamu mbili, tarehe zinakuwa 365 na sekunde za siku 86,400, basi. Kama hakuna anayeuliza sekunde, kata mpaka dakika, au itoe saa kabisa. Faili letu lilipungua sana kwa hatua hiyo moja, na kompyuta za watu wa mauzo, ambazo hazikuwa mpya, zikaanza kufungua ripoti bila kuganda.

Kuhusu uhusiano kati ya majedwali nitasema kidogo. Upande mmoja uwe na kila mteja mara moja tu, upande wa pili uwe na mauzo yake mengi, na uchujaji utoke kwa mteja kwenda kwenye mauzo. Programu inakuruhusu kuwasha uchujaji wa pande zote mbili, na kishawishi kinakuja pale unapotaka orodha ya wateja ionyeshe walionunua bidhaa fulani tu. Ukiwa na tukio moja unaweza usione tatizo. Ukiwa na mauzo, malipo na marejesho yote yameshika jedwali lilelile la wateja, uchujaji unaanza kuzunguka na kurudi kwa njia ambazo hata aliyejenga hawezi kuzieleza. Msimamo wangu ni mkali hapa: njia moja, na pale inapohitajika nyingine, fomula maalumu kwa swali hilo tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niiheshimu kazi hii kuliko zamani.

Kulikuwa na dada wa mauzo aliyeifungua njia ya Mbagala. Aliingia Rangi Tatu, Zakhem, Kizuiani, Charambe, duka kwa duka, mpaka wenye maduka wakawa wanampigia wenyewe. Akahamishiwa Tegeta. Ofisini wakafungua jedwali la wateja, pale palipoandikwa jina lake kwenye njia ya Mbagala wakaandika jina la kaka aliyempokea. Kwa mfumo wa kuuzia hilo lilikuwa sahihi, oda za kesho zilimhusu huyo kaka. Lakini ripoti ilisoma jina kutoka kwenye jedwali lilelile, na mauzo yake yote ya nyuma yakahamia kwa mwenzake usiku mmoja. Bonasi ya mwaka ilikuwa inatoka kwenye ripoti hiyo.

Alikuja mezani kwangu akiwa ametulia kabisa. "Kaka, hebu niangalizie. Miaka yote ile Mbagala nilikuwa nafanya nini?"

Yule kaka mpya, kwa haki yake, alikuwa wa kwanza kusema mauzo yale si yake. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu. Modeli ilikuwa haijui kwamba kuna jana.

Dawa yake inajulikana. Tulitengeneza jedwali la uteuzi ambamo kila mstari ni mtu mmoja kwenye njia moja kwa kipindi kimoja, kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Kila mstari ukapewa namba yake mwenyewe, namba isiyotoka kwenye mfumo wa mishahara wala wa mauzo, kwa sababu dada yule sasa ana mistari miwili, ya Mbagala na ya Tegeta, na namba yake ya ajira ni ileile. Wakati wa kupakia data, kila mstari wa mauzo unatafuta uteuzi uliokuwa hai siku ya ankara na kubeba namba hiyo. Kuanzia hapo mtu akihama, mstari wa zamani unafungwa kwa tarehe na mpya unafunguliwa. Historia haifutwi. Alilipwa bonasi yake, na mwenzake naye akaanza kupimwa kwa jasho lake mwenyewe.

Mtu anaweza kudhani basi kila kitu kitunzwe hivyo. Hapana, na hapa ndipo panapohitaji kufikiri. Data zetu zilianzia 2014. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni ikawa wilaya, Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, na mwaka 2016 Songwe ikatoka Mbeya ikawa mkoa, ikaondoka na wateja wetu wa Tunduma. Ukitunza wilaya kama ilivyokuwa siku ya ankara, grafu itakuonyesha Kinondoni imeporomoka, na mkuu wa mauzo ataitisha kikao kutafuta mchawi, wakati maduka ya Manzese na Kimara yananunua kama kawaida ila sasa yako Ubungo. Kwa swali la "eneo hili linakua au linashuka?" unahitaji wilaya ya leo, iandikwe juu ya historia yote. Kwa swali la "tulimpa nani hesabu ya wilaya ipi wakati ule?" unahitaji ya wakati ule. Tukaweka kolamu mbili zenye majina ya wazi, Wilaya ya Sasa na Wilaya Wakati wa Mauzo. Mtu wa mauzo namtunzia historia kwa sababu analipwa kwa historia. Mipaka ya wilaya naisasisha kwa sababu duka halikuhama. Hakuna kanuni ya kompyuta itakayokuchagulia. Inabidi uulize nani ataitumia namba hii, na ataamua nini kwayo.

Kalenda nayo inastahili heshima yake. Power BI, usipoizuia, hujitengenezea kalenda ya siri kwa kila kolamu ya tarehe inayoiona. Mimi huizima na kujenga moja, yenye kila siku bila kuruka hata moja, kuanzia Januari Mosi ya mwaka wa kwanza wa data hadi Desemba 31 ya mwaka wa mwisho. Kisha naipa maisha ya hapa. Kuna kolamu ya mwaka wa fedha, maana serikali inahesabu kuanzia Julai Mosi hadi Juni 30 na baadhi ya wateja wetu wakubwa ni taasisi zake. Kuna kolamu ya sikukuu, Sabasaba, Nanenane, Idd, Pasaka. Na kuna kolamu ya Ramadhani.

Hiyo ya mwisho imeokoa vikao vingi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2023 ilianza siku za mwisho za Machi na sehemu kubwa ikaangukia Aprili, mwaka 2025 ilichukua karibu Machi yote. Jiji hili linabadilika katika mwezi huo: unga wa ngano, mafuta, sukari, tambi na tende vinakwenda kwa kasi nyingine, na muda wa wateja kupokea mzigo unabadilika. Ukilinganisha Machi na Machi bila kolamu hiyo, utampongeza mtu kwa mwandamo wa mwezi na kumkaripia mwenzake kwa sababu hiyohiyo. Tunalinganisha Ramadhani kwa Ramadhani, na siku yenyewe ya kuanza na ya Idd tunaijaza baada ya mwezi kutangazwa, si kabla.

Halafu kuna saa. Getini mlinzi alikuwa anaandika gari limetoka 12:30, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kompyuta ikasoma mchana, saa sita na nusu. Mwingine akaandika 2:15, yaani saa mbili na robo asubuhi kwa wote tunaoishi hapa, na kompyuta ikaliweka gari barabarani usiku wa manane. Kuna aliyependekeza mlinzi afundishwe kuandika kwa saa za kompyuta. Nilikataa. Daftari la geti ni lake, na anaandika kwa saa anazoishi nazo. Tulimwongezea kisanduku kimoja tu cha kuweka alama: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Ubadilishaji ukafanyika huku kwetu, wakati wa kupakia data. Huduma ya Power BI ya mtandaoni nayo inakwenda kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu, kwa hiyo kati ya saa sita na saa tisa usiku ikisema "leo" bado inamaanisha jana yetu. Kampuni inayopakia magari alfajiri inapaswa kulijua hilo.

Ankara ina tarehe ya kuandikwa, ya kufikishwa na ya kulipwa, zote zinaelekea kwenye kalenda ileile. Kati ya jedwali la mauzo na kalenda uhusiano mmoja tu ndio unaokuwa hai, mingine inalala mpaka fomula iiamshe. Chagua ule ambao watu wanamaanisha wanaposema "mauzo ya mwezi", kisha fomula nyingine uzipe majina yanayojieleza: Mauzo kwa Tarehe ya Kufikishwa, Mauzo kwa Tarehe ya Kulipwa. Majina ni sehemu ya modeli. Vivyo hivyo na VAT. Ankara ya 118,000 kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 ni mauzo ya 100,000 bila kodi. Idara mbili zikitumia neno "mauzo" kwa namba hizo mbili tofauti, watagombana kwa uaminifu kabisa, kila mmoja na ushahidi wake. Kwetu hakuna kolamu inayoitwa Mauzo peke yake.

Bidhaa zina mtego wao wa vipimo. Mafuta yanauzwa kwa dumu la lita 20 au kwa chupa, sabuni ya mche kwa katoni au kwa mche mmoja mmoja, unga kwa kiroba. Siku moja mwenye kiwanda anapunguza katoni kutoka vipande 24 hadi 20 bila kubadilisha namba ya bidhaa. Kuhesabu katoni kunaonyesha biashara imesimama palepale, kumbe kila katoni ina vipande vinne pungufu. Tulianza kuandika kwenye kila mstari wa mauzo idadi kama ilivyouzwa, pamoja na idadi hiyo ikiwa imegeuzwa kuwa vipande kwa kipimo cha siku hiyo. Na stoo, kumbuka, haijumlishwi kwa siku: katoni 100 za Jumatatu ambazo Jumanne bado zipo ni 100, haziwi 200. Jumlisha kwa ghala na kwa bidhaa, lakini kwa muda chukua siku ya mwisho.

Wateja walitutesa zaidi ya vyote. Duka moja la Manzese lilikuwa limeandikwa kwa tahajia nne. Namba za simu Excel ilikuwa imekula sifuri ya mbele, nyingine zinaanza na 255, na wenye maduka wengi wana laini mbili. TIN, namba ya mlipakodi, si kila mwenye duka dogo anayo. Niliishia kuwaomba watu wa mauzo, kila mmoja na njia yake, wakae na orodha na kalamu nyekundu. Dada wa Tegeta ndiye aliyemaliza wa kwanza, na akatusafishia na wa Mbagala kwa sababu bado alikuwa anawajua kwa majina.

Modeli ikishasimama siipimi kwa kuilinganisha na ripoti ya zamani, kwa kuwa ya zamani ndiyo iliyokuwa na matatizo. Nashuka na kuomba ankara ya karatasi. Naomba ngumu kusudi: yenye bidhaa zaidi ya tatu, yenye punguzo, iliyokuwa na marejesho, iliyolipwa kwa mafungu mawili, ya mteja ambaye mtu wake wa mauzo amebadilika, na ikiwezekana iliyoandikwa mwisho wa mwezi ikafikishwa mwezi uliofuata. Naiweka mezani, stoo kipa upande mmoja na mama wa uhasibu upande mwingine, na naichuja kwenye ripoti kwa namba yake. Tunakwenda mstari kwa mstari: katoni ngapi, vipande vingapi, bila VAT shilingi ngapi, nauli yake imetoka safari ipi, imehesabiwa kwa nani, inaonekana mwezi gani. Panapotofautiana na karatasi tunasimama hapohapo na kurudi kwenye zile sentensi za ukutani, kuangalia ni ipi imevunjwa. Ikilingana yote, mama wa uhasibu anaipiga saini, na kesho yake namwomba achague nyingine yeye mwenyewe, bila kunionyesha kwanza.